Mistari Isiyofika Mlangoni

Tarehe 4 Februari 2011

Mdogo wangu Pini,

Kama barua hii imekukuta mzima kule kwenye baridi yako, basi shukuru, maana huku tunajikongoja tu. Wifi yako hajambo, anakusalimu na anauliza kama bado unakula umesimama. Mwanao wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akisema "shangazi" inatoka mbinja. Fundi saa wa jirani naye anakusalimu, na saa yako uliyomwachia bado haijapona.

Najua unajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanikatiza maneno. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho, hata ukinuna.

Jambo lenyewe ni Mzee. Mwaka juzi ulikuwa mkono mmoja tu, ukitetemeka akiwa amekaa. Sasa ni mwili mzima. Daktari wa hospitali kubwa amesema ni ugonjwa wa kutetemeka, unaula ubongo polepole, akatupa vidonge vya mara tatu kwa siku. Kutetemeka nimeshakuzoea. Kinachonishinda ni kuganda. Jumanne alikuwa anatoka chumba cha nyuma kuja dukani. Alipofika kizingitini, miguu ikagoma, kama vile mtu ameipigilia misumari sakafuni. Kifua kinataka kuja, miguu haitaki. Nusu saa nzima! Mwalimu mkuu yuko katikati ya duka, suruali imejaa pini mguu mmoja, anamtazama Mzee na Mzee anamtazama yeye. Nikamsukuma kidogo tu, akaenda chini kama ubao.

Uso wake umekauka, hujui kama amekasirika au ana njaa. Na ile sauti iliyokuwa ikisikika mpaka mtaa wa pili imebaki mnong'ono. Akitaka kusema neno lazima mtu ainame.

Wewe kazi yako ni kufundisha watu kutembea. Basi chagua moja: njoo umchukue, au niambie namna ya kumpitisha mlangoni. Mimi nina duka la kuendesha.

Nisisahau habari njema. Mwalimu mkuu amesifu mishono yangu ya mkono. Kumi na minne kwa inchi! Unanikumbuka mimi, fundi wa mishono ya magunia? Utanikumbuka tu. Wewe ndiye uliyekuwa ukiihesabu kwa pini na kumpelekea Mzee ripoti.

Ni mimi kaka yako.


Tarehe 27 Februari 2011

Kaka, shikamoo.

Barua yako imefika, na nimeisoma mpaka mwisho bila kununa. Mwambie wifi siku hizi nakula nimekaa, ila peke yangu. Mwanangu mpe busu kwenye pengo. Fundi saa mwambie nimesamehe.

Kuhusu Baba. Mtu akitaka kuinua mguu, mguu ndio wa mwisho kupata habari. Kabla yake ubongo umeshafanya kazi yote, kama unavyofanya wewe kabla ya kuwasha cherehani. Sehemu moja inaamua tunakwenda wapi. Nyingine inapima na kukata: mguu upi uanze, goti likunjwe kiasi gani, uzito uegemee wapi ili mtu asianguke. Halafu chini kabisa, ndani, kuna chembe chache nyeusi ambazo kazi yake kubwa ni kutoa ruhusa. Haya, sasa. Kwa Baba hizo ndizo zinazokufa. Suti imekatwa, vipande viko mezani, na hakuna wa kuvipitisha kwenye mashine. Si ukaidi, Kaka. Naandika tena kwa sababu nakujua: si ukaidi.

Lakini ipo njia ya pembeni. Macho yakiona kitu cha kuruka, yanauamsha mguu bila kupita kwa hizo chembe zilizokufa. Hapa kazini tunabandika tepu sakafuni. Wewe una chaki. Chora mistari ya kukatisha njia, mmoja mbele ya mwingine, umbali wa hatua yake. Mwambie avuke mstari, usimwambie atembee. Usimsukume, na usimfokee. Ukimfokea ataganda zaidi.

Kuja siwezi. Mkataba wangu ni hadi Desemba, na hapa mtu akiondoka katikati, kiti chake hakimsubiri.

Hongera kwa mishono.

Mdogo wako.


Tarehe 30 Machi 2011

Pini wangu,

Tumeamka salama, na ukiona nimeanza kwa uchangamfu ujue pana sababu. Jino moja la mwanao limechomoza. Wifi yako amepaka rangi chumba cha nyuma, akajipaka na yeye, wiki nzima alikuwa na nywele nyeupe kama bibi.

Ulichosema kimefanya kazi mpaka nikaogopa. Nilichukua chaki ya bluu, nikachora mistari kutoka kitandani hadi mezani. Mzee alikuwa ameganda kando ya kitanda. Akautazama mstari wa kwanza kwa muda, kisha akainua mguu juu kama bwana harusi anayeruka dimbwi, akautua ng'ambo. Halafu wa pili. Halafu wa tatu, mpaka mezani. Wifi yako alilia. Mimi nilicheka, na nitakuambia kwa nini nilicheka. Sijawahi maishani mwangu kumwona Mzee akifuata chaki ya mtu mwingine.

Kisha nikagundua jambo ambalo wewe mtaalamu hukuniandikia. Pale mistari inapokwisha, na yeye anakwisha. Anasimama palepale. Kwa hiyo nimemchorea ya kwenda mezani na ya kwenda chooni. Ya mlangoni sijachora. Wateja wanakuja kupimwa suti, hawaji kutazama udenda wa mzee wa watu. Na usianze kunihubiria. Sijamfunga kamba, sijafunga mlango. Mlango uko wazi mchana kutwa na anauona. Asiyetoka ni yeye.

Unalikumbuka duara? Alikuwa akinichorea duara la chaki kuzunguka miguu, hapohapo dukani, mbele ya wateja. Nisitoke mpaka bitana iwe sawa. Mishono tisa kwa inchi ndiyo ilikuwa ruhusa. Siku ile ya koti la karani alikupa bitana uhesabu. Ukahesabu na pini yako, ukasema, "Nane, Baba." Nikasimama tangu saa nne mpaka jioni, nikajikojolea humo duarani nikiwa na miaka kumi na mitatu, na binti wa karani akiwa kwenye benchi. Mimi nimesahau. Nakuuliza tu kama wewe unakumbuka.

Sasa nimefika kumi na saba kwa inchi. Mkono unajiendea wenyewe, mdogo mdogo, kila mshono mdogo kuliko uliotangulia. Juzi nimemletea mwalimu mkuu koti lake, akaomba miwani ili auone uzi. Miaka yote Mzee alikuwa akisema mkono wangu ni wa kushonea magunia. Amechelewa kufa, na amewahi kuona.

Kaka yako.


Tarehe 3 Mei 2011

Kaka, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua, kisha kazi, kisha nilikaa na barua yako mezani siku nyingi bila kujua nianzie wapi. Furahi na jino la mwanangu kwa niaba yangu.

Chora mstari hadi mlangoni, tafadhali. Na kutoka mlangoni hadi kwenye benchi la nje. Mtu asipotembea misuli inakwenda, na ikienda hairudi. Baba anahitaji jua, na anahitaji kuona watu. Kama unaona haya kwa wateja, basi awe anatoka kabla hujafungua.

Nina maswali machache, ya kikazi tu, tunakusanya habari za familia za wagonjwa. Unanusa vizuri siku hizi? Bega lako la kushoto je, halikazi? Ukitembea, mikono yote miwili inabembea? Wifi anasemaje kuhusu usingizi wako, unarusha mateke? Na barua yako imenisumbua macho, umeandika kwa kalamu gani? Mwishoni mwa barua ijayo niandikie mara tano, mstari mmoja chini ya mwingine: Leo nimeshona koti la bluu. Nataka kumwonyesha mtu hapa mwandiko wetu.

Huenda nikaja Agosti. Sisemi nitakuja. Nasema huenda.

Kuhusu duara, nilikuwa na miaka minane.

Mdogo wako.


Tarehe 11 Juni 2011

Pini,

Sote wazima. Wifi yako ana chunusi ya jicho, mwanao amekuwa wa tatu darasani kutoka mwisho, na anajisifu.

Maswali yako nimewasomea mezani, tumecheka. Haya, andika kwenye daftari lako. Kunusa: wiki iliyopita niliacha pasi kwenye suruali ya karani wa mahakama nikiwa nimeipa mgongo, wifi yako akaja mbio kutoka uani anapiga kelele kwamba nyumba inaungua. Mimi sikunusa hata kidogo. Ni mafua niliyougua Machi. Bega: limekaza, ndiyo, nashona saa kumi kwa siku, ulitaka lilegee kwa nini? Usingizi: nampiga wifi yako mateke, anasema ndiyo ndoa ilivyo. Anasema pia uso wangu umekuwa mkavu kama wa Mzee, hata nikifurahi hajui. Nimemwambia nimekuwa mtu mzima.

Mzee ndiye anayenitia wazimu. Jumapili nilimpelekea mkono wa koti nilioumaliza. Ishirini kwa inchi, Pini! Ishirini! Nilitaka auone kabla hajafa, basi. Akaushika kwa vile vidole vyake vinavyosaga hewa, akausogeza karibu na macho, akapitisha ukucha juu ya mishono kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha machozi yakaanza kumtoka kwenye ule uso wa ubao. Akasema kitu. Sikuinama. Miaka yote aliyekuwa akiniinamisha ni yeye, sasa zamu imekwisha. Akarudia kusema, sikuinama. Ndipo akaanza kuifumua! Aling'ang'ania uzi kwa meno, anaivuta mishono yangu, anaifumua mbele ya macho yangu.

Wivu, Pini. Mtu yuko mlangoni mwa kaburi na bado ana wivu.

Nikamnyang'anya mkono wa koti, nikachukua kitambaa kibichi, nikafuta mistari ya chooni. Nikaketi pale kwenye kiti nikamtazama. Mchana wote. Wifi yako alirudi akamkuta amesimama kando ya kitanda, suruali imelowa mpaka viatuni. Akamwosha, akachora mistari upya yeye mwenyewe, na hajanisemesha tangu siku hiyo. Sasa tuko sawa mimi na Mzee. Unaweza kumwandikia hilo huyo mtu wako wa kazini.

Umesema Agosti. Njoo Agosti umchukue.

Na hiki hapa kichekesho chako:

Leo nimeshona koti la bluu.
Leo nimeshona koti la bluu.
Leo nimeshona koti la bluu.
Leo nimeshona koti la bluu.
Leo nimeshona koti la bluu.

Kaka yako.


Tarehe 9 Julai 2011

Kaka, shikamoo.

Salamu kwa wote, na wifi namwombea jicho lipone.

Agosti sitaweza. Usiniulize sababu, nitakuandikia uongo.

Ulichomfanyia Baba ni unyama, na unajua ni unyama, ndiyo maana umekiandika. Chora mstari wa mlangoni leo, kabla hujaikunja barua hii.

Asante kwa mwandiko. Maswali yalikuwa ya kikazi tu, usiyawaze.

Nakuomba jambo moja. Baba akisema tena, inama umsikilize. Mara moja tu.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Septemba 2011

Pini,

Simu ya msiba ulipigiwa, na hukuja, kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea ili usije ukasema hukuambiwa.

Ilikuwa tarehe 19 Agosti, saa tano asubuhi. Wifi yako alikuwa amekwenda shuleni kwa mwalimu wa mwanao. Mimi nilikuwa dukani mbele, karibu na mwanga, nafanya tundu za vifungo. Pasi ilikuwa kwenye meza ya ukutani, nyuma yangu, juu ya marobota ya bitana. Sijui nilikaa muda gani. Fundi saa ndiye aliyeingia akiwa amefunika pua, ananivuta ukosi, anapiga kelele, "Wewe! Hunusi?" Nikageuka nikaona meza nzima ni moto na dari limeshika.

Mzee alikuwa amesimama kizingitini. Nilimwita atoke. Nilimwita kwa nguvu zangu zote. Hakutoka. Moshi ulinizidi, fundi saa akanitoa nje, na dari likashuka. Watu wa zimamoto wanasema moshi ndio uliomuua, moto ulimkuta ameshakwenda. Tumemzika kwa heshima. Suti aliyozikwa nayo nimeshona mimi, usiku na mchana, na sijawahi kushona mishono midogo kiasi kile. Ingawa amevaa katika giza, amevaa kazi yangu.

Wifi yako sasa anaongea, na bora asingeongea. Anasema ile Jumapili ya mkono wa koti, nilipotoka nje, Mzee alimwambia yeye. Yeye aliinama akamsikia. Eti alisema, "Mishono yangu ilianza hivi hivi." Umeona? Hata mwisho alitaka sifa iwe yake.

Duka nimeanza kulitengeneza. Huna la kuja kufanya tena.

Kaka yako.


Tarehe 25 Septemba 2011

Kaka, shikamoo.

Pole. Najiambia na mimi pole. Nimeandika barua hii mara nyingi, na kila mara nikaona naanza na hali ya hewa. Leo sitaanza na hali ya hewa.

Nilizungumza na wifi kwa simu, yeye akiwa kwa fundi saa. Ameniambia hapakuwa na mstari wa mlangoni. Ameniambia kutoka kizingitini mpaka ulipokuwa wewe ni hatua nne, na moto ulikuwa bado upande wa ukutani. Fundi saa amemwambia kwamba ulikuwa na chaki sikioni, palepale unapoiweka siku zote. Ulisimama ukamfokea, "Toka! Toka!" kwa sauti ya Baba mwenyewe, na chaki sikioni. Nilikuandikia Februari kwamba ukimfokea anaganda.

Sasa zamu yangu.

Barua yako ya Machi niliifungua nikiwa kazini. Mstari wa kwanza herufi zako zilikuwa za kawaida. Kufika chini ya ukurasa zilikuwa nusu. Ukurasa wa pili nilisoma kwa lenzi. Hapa mtu akija na mwandiko wa namna hiyo hatusubiri aanze kutetemeka. Ubongo unapanga urefu wa kila mwendo wa mkono, na zile chembe zikianza kufa unakata mfupi, na mwenye mkono hajui. Anaona anaandika kama jana. Na kama ni fundi, Kaka, anaona ameiva.

Mishono yako haikuwa ustadi. Ulikuwa ugonjwa. Baba aliugusa kwa ukucha akautambua, kwa sababu na yeye mwaka aliosifiwa kuliko yote ndio mwaka aliofikisha ishirini. Alikuwa hakuonei wivu. Alikuwa anajaribu kuutoa mkononi mwako, kwa meno, maana sauti hakuwa nayo.

Kutonusa ndio mwanzo wake. Bega, mateke ya usingizini, uso. Uliniandikia yote, moja baada ya jingine, huku mnacheka mezani. Ile mistari mitano ya koti la bluu niliipima kwa rula. Wa tano ni theluthi moja ya wa kwanza. Nilijua Juni. Kwa kweli nilijua tangu ile barua ya Machi.

Sikukuambia kwa sababu ungeacha kumtunza Baba, na mwingine wa kumtunza nilikuwa mimi peke yangu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi. Nilihesabu: ukijua, nitapaswa kuja Mei. Usipojua, nitafika Desemba. Nilikuomba uiname ili Baba akuambie badala yangu, hata hilo nilimwachia yeye. Na ningekuambia kwamba pua yako imekufa, usingeipa pasi mgongo. Kwa hiyo tuligawana kazi, kama zamani. Wewe ulishona, mimi nikahesabu, na Baba ndiye aliyesimama.

Jambo la mwisho. Koti la karani. Mishono ilikuwa imetimia, Kaka. Ilikuwa tisa. Nilisema nane kwa sababu nikisema nane Baba alikuwa akinipakata.

Ugonjwa huu si kila mara hupita katika familia, lakini wakati mwingine hupita. Kila asubuhi naandika jina langu na kulipima. Nenda kwa daktari. Vidonge vitakupa miaka kadhaa mizuri. Mwonyeshe wifi jinsi ya kuchora mistari, umbali wa hatua moja.

Mdogo wako.


Tarehe 12 Novemba 2016

Mdogo wangu Pini,

Barua hii anaandika wifi yako, mimi nasema na yeye ameinama. Yako ya mwisho niliichana siku ileile, miaka mitano iliyopita, lakini nilikuwa nimeshaisoma, na ukishasoma kuchana hakusaidii.

Tuko wazima. Mwanao ana meno yote na sauti imeanza kukwaruza. Fundi saa alifariki mwaka jana, saa yako ilikuwa kwenye droo yake, imeandikwa jina lako, inatembea.

Duka tumelipangisha, wanauza nguo zilizoshonwa tayari. Mimi nakaa chumba cha nyuma. Vidonge vilinipa miaka mizuri kama ulivyosema, sasa vinanipa saa nzuri mbili au tatu. Kutetemeka ni kidogo. Kinachonishinda ni milango. Nakijua kizingiti, nakitaka, kifua kimeshakwenda, na miguu imebaki nyuma kama ya mtu mwingine. Nimekaa hapa nikakumbuka Mzee alivyosimama, na sasa najua alikuwa amebakiza hatua ngapi, na najua alisikia kila neno.

Chaki ilikuwa sikioni, ndiyo. Niliigusa. Nilitaka atoke mwenyewe, kwa sauti yangu, mara moja tu katika maisha yake. Hilo sikuwahi kulisema kwa mtu.

Wifi yako ananichorea mistari kila asubuhi, ya kwenda mezani na ya kwenda chooni. Ana mkono mzuri, mistari imenyooka. Nimemwomba wa mlangoni, nitoke kwenye benchi nione watu. Nimemwomba tangu Agosti. Anasema chaki imekwisha.

Nakuomba ninachokuomba tangu mwanzo, kwa maneno mengine. Njoo unichukue. Au ukishindwa, nunua boksi la chaki, la bluu, ulitume kwa posta.

Kaka yako.

Wifi yangu mpendwa, mimi hapa. Nimeandika kila neno kama alivyolisema, sikupunguza hata yale yanayonihusu, na hayo ya chaki ya sikioni ndiyo nimeyasikia leo mara ya kwanza kwa kinywa chake. Usisumbuke na posta. Chaki ipo, maboksi mawili, yako juu ya kabati na hawezi kuyaona. Mwaka ule nilimwosha Baba yenu kwa mikono yangu, na ninyi wawili mkawa mnaandikiana. Mistari naichora mpaka pale alipokuwa akiichora yeye.